Kutafuta pa kujifunza kupanda farasi Lexington ukiwa kwenye intanshipu

Lexington, Kentucky wenyewe wanaiita mji mkuu wa farasi duniani, na ukitoka tu mjini unawaelewa, majani mabichi na fensi za mbao mpaka macho yanachoka, farasi kila upande na watoto wao wanakimbizana. Sasa mtu aliyekuja intanshipu ya kiangazi kama mimi anaona kabisa kwamba hapa pa kujifunzia patakuwa kila kona. Hapana jamani. Yale mashamba mazuri ya barabarani mengi ni ya kuzalisha farasi wa mbio, wale Thoroughbred, na farasi mmoja pale anaweza kuwa na thamani ya nyumba kadhaa, hawezi kupewa mwanafunzi wa troti, ule mwendo wa mchakamchaka. Aliyenifungua macho ni mama mmoja Mkongo niliyekutana naye kanisani (Lexington ina Wakongo wengi sana wanaoongea Kiswahili, usishangae kukisikia dukani), mume wake anafanya kazi kwenye shamba mojawapo, akaniambia, "Mwanangu, kule banazalishaka tu, habafundishake batu." Basi nikajua ninachotafuta ni kitu kingine kabisa, mabanda madogo yasiyo na geti la fahari, yenye farasi wa umri mkubwa waliozoea watu.

Kwa nini nilikuwa nahangaika hivyo, chuoni kwetu Ohio niko kwenye timu ya farasi, tunashindana kwenye IHSA, mashindano ya vyuo yaliyoanza 1967, na uzuri wake ni kwamba huhitaji kumiliki farasi wala kuwa mtaalamu, wanaoanza wana kundi lao la kutembea na troti tu, unafika siku ya mashindano unapangiwa farasi kwa kura, hujawahi kumpanda, unaingia naye hivyohivyo. Mimi mtoto wa Dar niliyekua naona farasi wa polisi tu, nimeupenda huu mchezo mpaka basi. Kukaa kiangazi kizima bila kupanda maana yake mapaja yanalegea, ule mkao wa kutulia juu ya tandiko unapotea, Septemba unaanza upya.

Kazi yangu iko kiwanda cha magari kule Georgetown, kaskazini kidogo ya Lexington, natoka jioni. Nikadhani muda utanibana, ila mwezi wa sita huku jua linazama kama saa tatu usiku, kwa hiyo somo la saa kumi na mbili na nusu jioni linawezekana kabisa na tena ndo zuri, joto limeshapungua. Tatizo kubwa likawa usafiri maana mabasi ya mji hayafiki huko kwenye mabanda, kama huna gari tafuta mwenzio wa kuchangia mafuta kabla hujalipia chochote.

Ukipiga simu sema ukweli wako wote mwanzoni. Sema uko hapa mpaka Agosti, maana sehemu nyingi wanataka ujiandikishe kwa mwezi au msimu mzima na wengine wakisikia ni wiki kumi na kitu wanapoa. Sema umefika wapi, kama unaweza kanta, ule mwendo wa kasi kuliko troti, au bado. Sema na uzito wako bila aibu, sio kwamba wanakutukana, kipimo ambacho wengi wanakifuata ni mpandaji pamoja na tandiko visizidi kama asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani farasi wa kilo 450 mwisho wake ni kama kilo 90 jumla, na banda lisilokuuliza kabisa mimi linanitia wasiwasi. Halafu uliza wanafundisha mtindo gani. Kentucky ukiacha ule wa Kiingereza na ule wa kikauboi wana na saddle seat, wa farasi wanaoitwa American Saddlebred wanaonyanyua miguu juu kwa madaha, wazuri kuwatazama lakini mkao wake ni tofauti na ninaoutaka mimi.

Ila kitu ambacho ningemwambia mdogo wangu yeyote ni hiki, usilipe kabla hujaenda kutazama somo la mtu mwingine. Kuna sehemu moja picha zake zilikuwa nzuri mno, nimefika nikakaa pembeni, farasi yule yule anashuka huyu anapanda huyu, joto la Julai, jasho limemfanya povu shingoni, hakuna anayempeleka kwenye maji, na mwalimu yuko kwenye simu huku mtoto anavuta hatamu kwa nguvu zote na lijamu linamkata mnyama mdomo. Niliumia moyo kweli, nikaondoka. Farasi hasemi, kama mwalimu haoni basi nani ataona?

Nilipobaki ni banda la kawaida tu, rangi imebanduka, lakini kila farasi ana idadi ya masomo kwa siku na hawaivuki, na unafika mapema kwa sababu kumpiga brashi, kumsafisha kwato na kumfunga tandiko ni juu yako, mwalimu amesimama anaangalia. Somo la kwanza aliniweka kwenye kamba ndefu, nazunguka bila hatamu na bila vikuku vya kutilia miguu, nusu saa nzima, wengine wangeona wanaibiwa hela ila pale ndo alinijua nilivyo kuliko ningemwelezea kwa maneno. Farasi wangu alikuwa wa mbio zamani, ukimfunua mdomo wa juu kwa ndani utaona namba aliyochorwa, siku hizi wanawawekea chipu shingoni badala yake. Mzee mpole kupita maelezo.

Mambo ya nywele sasa, dada zangu, hili hakuna Mzungu atakwambia. Helmeti lazima ikae chini na ikamate kichwa, iwe na lebo ya SEI na namba ASTM F1163, alama za kwamba imepimwa kwa usalama wa kupanda farasi, ya baiskeli haifai. Rasta nene zikifungwa fundo zinainyanyua na ikinyanyuka haikulindi, kwa hiyo suka twende kilioni za kulala na ncha zitoke nyuma chini. Viatu viwe na kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku. Utasaini na karatasi ya kukubali hatari, na ukutani utakuta tangazo kwamba kwa sheria ya Kentucky mwenye banda halazimiki kuondoa kila hatari, karibu majimbo yote ya Marekani yana sheria ya namna hiyo, kwa hiyo soma bima yako ya afya kabla ya kupanda.

Na usiwaze kwamba hii sehemu siyo ya watu weusi. Kentucky Derby, yale mashindano makubwa ya mbio za farasi, ya kwanza kabisa, 1875, wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa weusi na aliyeshinda ni mmoja wao, Oliver Lewis. Isaac Murphy, mtu wa Lexington hapa hapa, alishinda Derby tatu, 1884, 1890 na 1891. Baadaye ubaguzi ukawasukuma nje, wazungu wakiwabana kwa makusudi kwenye mbio na wenye farasi wakaacha kuwapa kazi, Jimmy Winkfield aliyeshinda 1901 na 1902 akaishia kwenda kupanda Urusi. Kaburi la Murphy sasa liko Kentucky Horse Park, bustani kubwa ya farasi, njia yangu ya kazini, na nilipofika pale nilisimama muda mrefu, nikamshukuru kwa sauti.

Kama hela haitoshi, humo humo Horse Park kuna Central Kentucky Riding for Hope, wanatumia farasi kusaidia watu wenye ulemavu na wanapokea watu wa kujitolea, kuongoza farasi au kutembea pembeni ya anayepanda. Hupandi wewe, lakini unakuwa na farasi na unajifunza kuwasoma.

Anayekuja mwakani aanze kupiga simu mwezi wa nne. Juni na Julai kuna kambi za watoto, farasi na walimu wanakuwa wameshikwa mchana kutwa, na nafasi za jioni zinaisha mapema.