Ufa Uliozibwa Mara Tatu

Tangu Januari hakuna aliyepita pale ufukweni kwetu Tudor asinisomee ile methali. Muuza kahawa, vijana wanaotoka kuogelea, hata bwana mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi wake: "Usipoziba ufa utajenga ukuta, bwana." Nami nimeinama chini ya boti, uso umejaa vumbi la faiba, naitikia tu ndiyo, ndiyo. Ningewaambia nini? Ufa wangu ulizibwa. Ulizibwa mara tatu, na kila ulipozibwa ndipo ulipozidi kula.

Boti ni ya marehemu baba. Futi 19, ya mbao, iliundwa Matondoni, kule Lamu, kabla mimi sijaanza shule, ikaletwa Mombasa kwa tanga. Kwenye omo, yaani mbele, ubavuni, baba aliiandika HASIDI HANA SABABU, maneno aliyoyatoa kwenye leso ya mama. Kwa miaka aliitunza kama wazee walivyotunza vyombo vyao: kalafati ya pamba na mafuta kati ya mbao, deheni ya mafuta na chokaa chini, sifa ndani na nje. Kwa asiyejua, hii sifa si ile ya kusifiwa. Ni mafuta ya papa, na harufu yake ikikuingia mara moja basi mmeshajuana.

Katikati ya miaka ya 90 mbao zikawa zinavuja kuliko kalafati inavyoweza, mtu akamshauri aivalishe faiba. Ikavalishwa, polista (ile gundi ya maji inayoganda) na mati (mkeka wa nyuzi za kioo), unene wa milimita 4 hivi, kutoka mkuku, ule mti wa chini kabisa, hadi karibu na ukingo. Ikapakwa rangi ya buluu, ikang'aa kama sufuria ya harusi. Baba akafunga mashine ya nguvu-farasi 15 nyuma, tanga likapanda darini.

Alipougua, boti ikaja mikononi mwangu. Mimi ni karani, nakaa na makaratasi ya kontena kutwa, bahari naijua ya Jumamosi. Siku moja ya bamvua, maji makubwa, niliifunga vibaya nikaenda zangu. Bamvua za huku kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, si mchezo. Maji yalipokupwa boti ikakalia jiwe kwa ubavu wa kulia, karibu na omo. Nilipofika jioni niliona ufa, shubiri moja na nusu, unatoka karibu na mkuku unapanda juu.

Mara ya kwanza niliuziba mwenyewe kwa pati ya magari. Msinicheke. Ile pati ni ya milango ya matatu. Chini ya maji inanyonya kama mkate kwenye chai. Mara ya pili fundi mmoja wa barabarani akapiga kiraka cha mati juu ya rangi, juu ya rangi jamani, kikabanduka kabla ya Ramadhani. Mara ya tatu fundi mwingine akapiga kiraka kinene zaidi juu ya mabaki ya kile. Hicho kilishika. Na hicho ndicho kilichoniua, kwa sababu kwa kushika kwake niliacha kuangalia.

Mwishoni mwa mwaka jana niliona upo, ile kata ya kutolea maji, unafanya kazi kuliko kawaida. Natoka kuvua samaki wa changu, muda wa saa mbili tu, maji ya ngama, yale ya chini ndani ya boti, yamefika kifundoni. Nikampigia simu Mzee, fundi wa vyombo wa Mji wa Kale, rika la baba. Alikuja na bakora na nyundo ndogo. Shikamoo, marahaba, hakuuliza chochote juu ya ufa. Akaanza kugonga kwa mpini wa nyundo, kuanzia tezi, yaani nyuma, polepole, shubiri kwa shubiri. Ko. Ko. Ko. Alipokaribia omo: bu. Akarudi nyuma: ko. Mbele: bu. Bu. Akachukua chaki mfukoni akazungushia mstari. Ule mstari ulikuwa mkubwa kuliko meza yangu ya kulia.

"Mwanangu," akasema, "huu ufa ni mlango tu. Ugonjwa uko chumbani."

Tuliivuta juu bamvua ya Januari, kwa magogo na watu kumi na mmoja na chapati nyingi. Kisha tukang'oa faiba ndani ya ule mstari wa chaki. Nilikuwa nimeazima grenda, nikidhani ni kazi ya siku nzima. Haikuhitajika. Baada ya kukata ukingo, Mzee alitia patasi chini yake, akaniambia vuta. Ikaja yote, pande zima, kama ganda la chungwa. Upande wake wa ndani ulikuwa laini, unateleza. Nikanusa. Sifa! Zaidi ya miaka 25 imepita, na ile polista ilikuwa haijawahi kuushika ubao hata siku moja. Ilikuwa imekaa juu ya mafuta ya papa. Boti ya baba ilikuwa imevaa koti, haikuwa na ngozi.

Na ndani ya koti kulikuwa na maji. Hapa ndipo Mzee aliponiuliza swali ambalo sikulipenda: wakati baba mgonjwa, boti ilikaa wapi? Ilikaa ufukweni, wazi, masika mbili. Mvua ikajaa ndani, mimi sikwenda hata kuitoa. Nilikuwa nadhani maji chumvi ndiyo adui. Kumbe kuvu inayoozesha mbao inapenda maji ya mvua, chumvi inaizuia. Ndiyo maana baba, kila baada ya mvua, alikuwa akiimwagia boti ndoo za maji ya bahari kwa ndani, nasi watoto tulimwona kama anacheza. Maji ya mvua yalishuka kati ya mbao, yakakutana na faiba, yakakosa pa kutokea. Jua linapiga, faiba inashika joto, ndani mvuke. Ukitaka kuozesha mbao makusudi huwezi kupata chungu bora kuliko hicho.

Patasi iliingia kwenye ubao wa pili kutoka mkuku kama inaingia muhogo uliochemshwa. Mbao mbili zilikuwa zimekwisha, urefu wa mita moja na kidogo, na taruma moja, ule mbavu wa ndani unaoshika mbao, limeoza kichwa.

Mzee alitaka tuing'oe faiba yote, turudi kwenye kalafati na deheni. Hilo ndilo sahihi, sitabishana. Lakini kalafati inataka mtu aliye karibu na chombo chake kila mwezi, nami niko karibu na kontena. Nikamwita kijana mmoja anayetengeneza boti za faiba kule Mtwapa. Wawili hawa walikaa chini ya mti wa mkungu wakatazamana kama mahakimu wa kesi mbili tofauti. Mzee akaniambia mbele yake, "Chombo kinapumua. Huyu atakikaba." Kijana, kwa heshima zote, akajibu: "Babu, waliokikaba ni wale wa kwanza. Mimi nitaanzia kwenye mti mkavu. Nikiona mafuta siweki kitu." Mzee akanyamaza, akaomba kahawa. Nikajua amekubali, au amechoka.

Tuliiosha kwa maji ya kisima, maana chumvi iliyobaki kwenye mbao inavuta unyevu hata siku kavu, tukaiacha chini ya turubai lililoinuliwa juu ili upepo upite. Wiki tano. Kaskazi ilifanya kazi yake. Watu walidhani nimeishiwa pesa, na hawakukosea sana.

Kazi ya mbao niliitazama tu, nikishika pale nilipoambiwa shika. Mzee alikata ubao mbovu mpaka chipsi zilipotoka ngumu, zinavunjika zikilia, kisha akakata shubiri nzima zaidi. Viungo vya ubao mpya na wa zamani alivikata mshazari, mrefu, mara nane ya unene wa ubao, vikalaliana kama viganja viwili. Taruma alilitoa kwenye tawi la mwarobaini lililopinda lenyewe; alilitafuta siku mbili akitembea mitaani akitazama juu. Misumari ya zamani ilikuwa imebaki kutu tupu, tukaweka skrubu za chuma kisichoshika kutu. Ubao mpya akaniapisha usiguswe na sifa.

Zamu ya kijana ikaanza kwa ubishi na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshanunua mati Shimanzi, roli nzima. Akaitazama akaniambia nirudishe. Tungetumia epoksi, gundi nyingine ya kuganda, badala ya polista, kwa vile inashika mbao vizuri zaidi, na zile nyuzi za mati zimeunganishwa kwa gundi inayoyeyuka kwenye polista. Kwenye epoksi haiyeyuki, mati inabaki ngumu, haikai kwenye pembe. Akataka kitambaa cha kufumwa. Duka halikurudisha pesa. Ile roli iko darini pamoja na tanga.

Kisha kusaga. Faiba iliyobaki pembezoni haisagwi wima kama ukingo wa meza. Inapigwa mteremko, mara kumi na mbili ya unene wake. Milimita 4 ina maana karibu sentimita 5 za mteremko kuzunguka kote. Hapo ndipo nilipokula vumbi. Vaa barakoa ya maana, si ile ya kitambaa, na ujipake poda mikononi kabla. Ukisahau, utajikuna usiku kucha na mama watoto atakuhamishia sebuleni. Upande wa juu mteremko ulipita katikati ya maandishi ya baba. Nilisimamisha grenda nikafikiri kidogo. Kisha nikaendelea, HASIDI likaondoka.

Mbao za zamani zilizobaki pembeni zilikuwa bado na mafuta. Kijana alikwangua mpaka rangi mpya ya mti, akapangusa kwa asetoni, kitambaa kikatoka cha njano. Akatupa, akachukua kingine. Cha njano. Alifika cha tisa ndipo kikatoka cheupe, na papo hapo akapaka epoksi, kabla jua halijavuta mafuta mengine kutoka chini.

Siku ya kwanza tuliharibu. Tulianza saa nne asubuhi, tukachanganya epoksi nyingi kwenye kopo refu la lita 2. Dakika chache kopo likaanza kupata moto, likatoa moshi, likaganda na brashi ndani kama kijiti cha aiskrimu. Na ile kidogo tuliyowahi kupaka ikatoka vipovu kila mahali. Jua la asubuhi linapasha ubao, hewa iliyo ndani yake inatanuka inatoka, inapita kwenye epoksi mbichi. Mzee alikuwa amekaa pale kivulini. "Nilisema kinapumua," akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.

Basi tukahamia baada ya Alasiri. Jua likishuka ubao unapoa, badala ya kutoa hewa unavuta ndani, na epoksi inafuata. Kidogo kidogo, kwenye sinia pana ya mama watoto (nimeshamnunulia nyingine) ili joto lisijikusanye. Vitambaa vinne, kila kimoja kidogo kuliko cha kabla yake, vikilazwa na kusukumwa kwa roli mpaka weupe wa hewa uondoke na uone mti chini yake kama unautazama kupitia maji. Tulimaliza adhana ya Magharibi ikiita. Kesho yake juu kulikuwa na utando unaonata kama nta. Huo hutolewa kwa maji na sponji ya kusugulia sufuria kabla ya msasa. Ukiupiga msasa bila kuosha unauzika ndani, na rangi haitashika.

Ndani hatukuweka faiba. Hilo Mzee alilishinda. Ndani mbao ziko wazi, na epoksi ilipokauka kabisa akapaka sifa kwa mkono wake, isipokuwa zile mbao mpya. Nimerudi nyumbani na harufu hiyo wiki nzima.

Tuliishusha bamvua ya mwisho ya Machi, mvua za masika hazijaanza. Usiku wa kwanza sikulala, alfajiri nikaenda na tochi. Penye ufa, pakavu. Nilipitisha kiganja kikarudi na vumbi la randa. Tangu hapo nimetoka nayo mara nne, mara mbili hadi nje ya mwamba, na upo haujashika maji ya kutosha kunawia uso. Turubai sasa liko, kila mvua. Na ikinyesha kabla sijalifunika, ndoo ya maji ya bahari ndani. Jirani yangu ananitazama jinsi nilivyokuwa nikimtazama baba.

Dada yangu alikuja Jumapili kuiona. Akasoma ubavu wa kulia: HANA SABABU. Akacheka mpaka akakaa mchangani. Anasema niiache hivyohivyo.

Jana jioni maji yalipokupwa nilipita tena na nyundo, mazoea tu. Ko, ko, ko, upande wote wa kulia. Nikazunguka kushoto. Karibu na tezi, chini ya pale mashine inapofungwa, bu. Nikarudia. Bu. Kijana nimemtumia ujumbe. Mzee bado sijamwambia.