Nyaya za plagi hupimwa kwenye injini, si mezani

Gari letu la mbio ni Corolla ya zamani yenye injini ya 4A-GE, ya sentimita za ujazo 1,587 na vali 16, na kwa miezi kadhaa lilikuwa na tabia moja iliyotuudhi: asubuhi, hasa baada ya usiku wa mvua kutoka ziwani, lilimisi, yaani liliwaka kwa kukatakata, kama mtu mwenye kwikwi, kisha jua likishapanda juu ya mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, likatulia lenyewe. Ikifika saa nne, hakuna aliyekuamini ukimwambia kwamba lina ugonjwa. Tulibadilisha plagi, tukasafisha kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, tukaweka rota mpya, kile kipande kinachozunguka ndani yake, na kwikwi ikabaki palepale.

Mita ya kupimia kizuizi cha umeme, kinachohesabiwa kwa omu, nayo ilitudanganya. Kila waya wa plagi ulisoma kati ya omu 9,000 na 14,000, ilhali Toyota huruhusu hadi omu 25,000 kwa waya mmoja, kwa hiyo tuliziondolea nyaya lawama. Ilibidi fundi umeme wa gereji ya jirani pale Nyakato, mzee ambaye hapendi kuulizwa swali lilelile mara mbili, aje jioni moja baada ya swala ya isha. Tulimwamkia, akaitika, akasema, "Zimeni taa." Alikuwa ameshika chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi. Alinyunyiza kidogo juu ya nyaya huku injini ikiunguruma taratibu, na hapo gizani tukaona vijicheche vya buluu vikitembea juu ya ngozi ya mpira na kurukia chuma cha silinda hedi.

"Bwana mdogo," akaniambia, "hilo si gari, hiyo ni Krismasi."

Nilijifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema: mita hupima njia ya umeme iliyo ndani ya waya, haipimi ngozi inayouzuia usitoke nje. Umeme wa koili, kifaa kinachoukuza umeme wa betri, ni wa maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 20,000, na ngozi iliyokakamaa kwa joto na kulowa mafuta haiwezi kuuzuia umeme huo pale unyevunyevu unapoupa njia ya mkato. Mafuta, kwenye injini hii, si ajali. Plagi zake zimezama kwenye mashimo marefu katikati ya kamshafti mbili, zile fimbo zinazofungua vali, na gasketi za juu zikichoka, oili hujaa humo na kuulainisha mpira wa kofia inayofunika plagi hadi unakuwa kama ubani uliotafunwa.

Seti ya nyaya za dukani isingetufaa, kwa sababu tulikuwa tumeihamisha koili na kuifunga ubavuni mwa bodi, na waya wake wa kiwandani haukufika tena. Tukaamua kuzitengeneza zote tano wenyewe: nne za plagi na mmoja wa koili.

Hapo ndipo kijana mmoja wa gereji alipopendekeza waya wa bodaboda, ambao hupatikana katika kila duka la vipuri vya pikipiki na ambao ndani una shaba tupu. Hoja yake ilikuwa kwamba shaba haina kizuizi, kwa hiyo cheche itakuwa kali zaidi. Ni hoja inayovutia, na nimeisikia kwa watu wanaojua magari kunishinda, lakini siikubali. Kwenye pikipiki kizuizi hukaa ndani ya kofia ya plagi, kwa kawaida omu 5,000 hivi, si ndani ya waya. Ukiuchukua waya ule peke yake ukaufunga kwenye gari, kila cheche inarusha mawimbi pande zote. Aliyewahi kusikiliza mpira redioni kando ya injini yenye nyaya za namna hiyo anaijua kelele yake, na kompyuta ya injini huisikia kelele hiyohiyo, tofauti ni kwamba yenyewe huichukulia kuwa ni taarifa. Cheche unayodhani umeiongeza hailipi hasara hiyo.

Tuliagiza waya wa milimita 8 wenye ngozi ya silikoni, na ndani yake uzi mwembamba wa chuma uliozungushwa kama springi juu ya kiini. Mzunguko huo ndio unaozuia kelele bila kuhitaji kizuizi kikubwa. Huu wetu ulikuwa na omu 1,600 kwa kila mita moja ya urefu, wakati waya wa kawaida wenye kiini cha kaboni hufika omu 10,000 au zaidi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzikata nyaya mezani, kwa kuzilinganisha na zile za zamani. Distributa ya injini hii iko mwisho wa hedi, upande wa silinda ya nne, kwa hiyo waya wa silinda ya kwanza ndio mrefu kuliko wote na wa nne ndio mfupi; hilo nililizingatia. Nililosahau ni kwamba injini hutikisika. Waya uliokuwa umenyooka vizuri gari likiwa limezimwa ulivutika kama kamba ya mtumbwi pale tulipokanyaga mafuta, na kofia ikaanza kujichomoa. Pia kichwa, yaani kipande cha chuma cha mwisho wa waya, kilichopinda nyuzi 90 upande wa distributa kinaweza kuelekezwa popote kabla hakijabanwa, lakini kikishabanwa kinaulazimisha waya mzima kujisokota. Sasa naupitisha waya mzima kwenye njia yake, nauachia ulegevu wa vidole viwili, naweka alama kwa kalamu, ndipo nakata.

Njia yenyewe pia ina mambo yake. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, maana yake silinda ya tatu na ya nne, ambazo ni majirani, huwaka zikifuatana, na ya pili na ya kwanza vivyo hivyo. Nyaya za jozi hizo zikilala zimegusana kwa urefu mrefu, umeme wa mmoja unaweza kuuamsha mwingine kabla ya zamu yake. Nilizitenganisha kwa vishikizi vya plastiki, na pale zilipolazimika kukutana nikazipitisha kwa kukatana kama msalaba.

Kazi yenyewe ya kubana vichwa ndiyo inayotaka mkono mtulivu. Kofia ya mpira huvalishwa kwanza, na yeyote atakayekwambia hajawahi kuisahau hajatengeneza nyaya nyingi. Kisha unamenya ngozi kama milimita 13 kutoka mwisho. Chini ya silikoni ya nje kuna wavu wa nyuzi za kioo, chini yake ngozi ya pili, ndipo unakutana na kile kiuzi cha chuma, chembamba kama unywele. Nilitumia wembe kwenye waya wa kwanza. Ulionekana safi, nikaukunja ule uzi kurudi nyuma juu ya ngozi, nikabana kichwa juu yake, mita ikasoma omu 1,250 kwa sentimita 78, sawasawa na hesabu. Nikaupinda kidogo karibu na kichwa, mita ikaruka na kuonyesha hakuna njia kabisa. Wembe ulikuwa umeukwaruza uzi mahali ambapo jicho halikuona. Tangu siku hiyo hakuna waya unaotoka mikononi mwangu bila kupindwa kila upande huku mita ikiwa imeshikamana nao.

Koleo la kawaida nalo halifai. Linakibonda kichwa kikawa bapa na kingo zake zikachoma ngozi. Koleo la kubania huyakunja mabawa mawili ya kichwa kuelekea ndani hadi yanakumbatia waya bila kuutoboa. Ndani ya kofia niliweka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele, si grisi ya bearingi.

Jioni tulizima taa tena, na mzee akanyunyiza maji kwa ukarimu kuliko mara ya kwanza. Giza lilibaki giza. Tulipandisha injini hadi mizunguko 7,000, yaani cheche 14,000 kwa dakika, na mlio haukukatika hata mara moja. Mzee alisogeza sikio, akatikisa waya wa koili kwa kijiti kikavu, kisha akaniuliza kipande kilichobaki kiko wapi. Kiko nyuma ya kiti cha dereva, mita moja na robo, pamoja na vichwa viwili na lile koleo.