Nilimfuata Noah Lewis, nikaishia kwa Tina Turner

Basi la kutoka Columbus, Ohio mpaka Memphis sitaki kulisimulia sana, ntakesha. Nauli yake ningenunua chakula cha wiki, AC imewashwa utadhani wanasafirisha samaki, sehemu ya kuchajia simu imekufa, na Nashville tukashushwa usiku tukakaa kwenye viti vya chuma mpaka nikazijua tabia za kila abiria. Memphis nikapita Beale Street, soda dola nne, nikaondoka zangu.

Kwa Elvis sikwenda. Mi nilimfuata Noah Lewis, mpiga hamonika ambaye hata huko kwao hakuna anayemjua, kama mtakavyoona.

Wa kulaumiwa ni Grateful Dead. Pale ghalani kazini kuna mzungu mmoja wa makamo, mwaka mzima anavaa fulana za mafuvu na mawaridi, huyo ndo aliniambukiza. Kwa msioijua, ni bendi ya California iliyoanza 1965 ikavunjika 1995 Jerry Garcia alipofariki, jamaa wanaanza wimbo, we unakula, unamaliza, unanawa, ukirudi bado ni ule ule. Na mashabiki hawakuwakataza kurekodi shoo, kwa hiyo kanda zilizunguka mkono kwa mkono miaka na miaka na ubishi haujaisha mpaka leo, usiku upi waliupiga wimbo upi vizuri zaidi. Sasa ukishaingia kwenye ubishi huo utafika tu mahali unajiuliza, hivi wimbo wenyewe ulikuwa wa nani?

Mi nilinasia kwenye Viola Lee Blues. Kwenye albamu yao ya kwanza, 1967, unaenda dakika kumi. Nikautafuta wa mwanzo, nikakuta ni wa Cannon's Jug Stompers wa Memphis, 1928, dakika tatu tu maana upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulikuwa haubebi zaidi ya hapo. Gus Cannon anapiga banjo huku kaning'iniza mtungi shingoni anaupuliza utoe besi, Noah Lewis ndo mwenye hamonika na ndo anayeimba. Ni habari ya mahakamani, hakimu kahukumu, karani kaandika, mtu huyo jela. Niliurudia mpaka mke wangu akauliza kama simu imeharibika.

Na hao Dead hawakubahatisha. Kabla ya magitaa ya umeme, mwaka 1964, Garcia na wenzake walikuwa na bendi ya mitungi hivyohivyo huko Palo Alto, wanaokoteza nyimbo za hao wazee. Cannon angalau alionja kidogo, Walk Right In aliyoirekodi 1929 ilirudiwa na vijana wa kizungu ikashika namba moja Marekani 1963, mzee anakaribia miaka 80, na Stax, kampuni ya santuri ya hapohapo Memphis, wakamtolea albamu mwaka huohuo. Noah Lewis hakuonja kitu. Baridi ilimng'ata, kidonda kikaoza, akafa 1961, fukara. Nilisoma kwamba kazikwa karibu na Nutbush, kaskazini mashariki ya Memphis, ndo nikajisemea twende.

Huko hakuna daladala. Nikapatana na mzee mmoja dereva, Mmarekani mweusi, kwa bei ambayo nilimficha mke wangu na hapa pia siitaji. Nikamtajia Noah Lewis. Akaniangalia kwenye kioo. "Ndo nani huyo?" Mzee kazaliwa hukohuko magharibi ya Tennessee! Nikamweleza habari nzima, bendi ya mahippie, hamonika, akacheka sana, yaani Mwafrika katoka Ohio kwa basi kumtafuta mtu wetu kwa sababu kaelekezwa na mahippie. Nikamwambia ndo hivyo mzee wangu, kanyaga.

Brownsville tukasimama. Hapo wameihamishia shule aliyosoma Tina Turner, chumba kimoja cha mbao, ndani magauni yake ya jukwaani na madawati, kuingia bure, kitu pekee cha bure safari nzima. Kuanzia hapo barabara yenyewe inaitwa Tina Turner Highway, na hapo ndo balaa lilipoanzia.

Tukauliza dukani, samahani, tunatafuta makaburi fulani, kuna mwanamuziki. Mama wa dukani hata hakusubiri nimalize: "Tina? Nyoosheni tu." Si Tina, mama. "Tina hajazikwa huku, lakini kwao ni mbele hapo." Tukauliza kijana kwenye pikapu, naye Tina. Mtandao ukakata. Mzee akakata kona kwenye njia ya vumbi iliyolala na mvua ya usiku, pamba kulia pamba kushoto, akajaribu kugeuza, tairi la nyuma likazama mpaka nusu. Nikashuka kusukuma. Viatu vya dola sabini. Nasukuma, tairi linazunguka, tope lote kifuani kwangu, na mzee ndani anapiga kelele sukuma kijana, sukuma, kama vile nimelala. Tumehangaika weee mpaka akatokea mkulima na trekta, akafunga mnyororo, akatuvuta taratibu, akajifuta jasho akasema, "Nyumbani kwa Tina mmeshapapita."

Kaburi hatukuliona. Jua likazama, tukageuza.

Njiani nikamwekea Siti binti Saad kwenye simu. Hilo limenikaa tangu kwenye basi: 1928 hiyohiyo, Noah Lewis anarekodiwa Memphis na Victor, Siti na wenzake wamepanda meli mpaka Bombay kurekodi na HMV, na kampuni zote mbili nembo yao ni mbwa yuleyule anayesikiliza gramafoni. Nikamsimulia mzee habari ya wimbo wa Siti unaoitwa Kijiti, mwanamke kauawa, muuaji kakimbilia bara, hakimu wa Kiingereza kawafunga mashahidi. Akatikisa kichwa, "Hakimu wenu naye ndo walewale." Halafu akauliza nani huko kwetu anawarudisha vijana kwa huyo mama. Nikamtajia Bi Kidude, lakini naye ametutoka 2013. Siku hizi? Nikakumbuka Diamond alivyomrudia Saida Karoli kwenye Salome, 2016, watoto ndo wakaanza kuuliza Saida nani. Ila Siti, mi mwenyewe nilimsoma shuleni kwenye wasifu wa Shaaban Robert, nikajibu mtihani, basi. Sauti yake nimekuja kuisikiliza kwa makini Ohio, nikiwa nawafukuzia Wamarekani.

Memphis mzee akadai hela ya kuoshea gari. Tukavutana, nikatoa nusu. Akanipa simu yake nimwandikie jina la Noah Lewis vizuri.

Nikamtumia dada yangu aliyeolewa Unguja meseji, kwamba nikija Desemba anipeleke Fumba, alikozaliwa Siti. Akajibu saa hiyohiyo: "Fumba watu wanaenda kununua fleti, we unakwenda kumtafuta Siti? Hela za Marekani zinakuwasha. Njoo na simu yangu uliyoniahidi."