Wekundu uliogoma kutoka

Mtoto wa dada kaniuliza juzi barazani, "Mamdogo, mbona mimi koo liliponiuma nilimeza dawa siku chache nikapona, bibi wa nyumba ya pili yeye anameza miezi sita?" Nikamjibu juujuu, ya bibi ni TB, wale wadudu ukuta wao mgumu, akaridhika akakimbilia mpira. Mimi nikabaki nimekaa namkumbuka Maalim.

Nilikuwa fildi, maabara ya hospitali moja hapahapa Tanga. Maalim ndo kanisomesha juzuu yangu ya kwanza kule Ngamiani, na asubuhi hiyo kaja na kikopo cha makohozi kakifunika leso, ananipa kwa mikono miwili. Yeye, mtu ambaye miaka yote mimi ndo nampa kitu kwa mikono miwili. Nikamwamkia, nikapokea, nikaandika namba.

Kazi zingine za siku ile sizikumbuki, slaidi yake naikumbuka yote. Nilipaka makohozi yakakauka, nikapitisha motoni, nikamwagia kaboli fuksini, ile rangi nyekundu yenye harufu ya fenoli inayokukaa puani mpaka unafika nyumbani, nikaipasha kwa moto wa spiriti hadi mvuke ukapanda, maana bila joto haipenyi. Nikasubiri, nikaosha, nikamwagia asidi iliyochanganywa na spiriti. Hapo ndo penyewe sasa. Bakteria wengi ukuta wao ni minyororo ya sukari iliyoungwa kwa vipande vifupi vya amino asidi, peptidoglaikani, asidi ile ikipita rangi yote inatoka. Wa TB peptidoglaikani wanayo pia, lakini juu yake kuna tabaka la sukari nyingine, arabinogalaktani, na juu ya hilo mafuta marefu, asidi za maikoli, maji yanateleza kama kwenye jani la gimbi. Rangi ikishaingia humo asidi haiing'oi. Nikawa naangalia wekundu unachuruzika kwenye sinki, slaidi inapauka, inapauka, na moyoni naomba utoke wote. Utoke wote jamani, Maalim wangu huyu. Nikaweka bluu ya methilini, nikaosha, nikakausha, tone la mafuta, lenzi ya mia ya hadubini.

Uwanja wa kwanza tu, yaani kile kiduara unachokiona kwenye lenzi kwa mara moja. Bluu kila mahali na katikati yake vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimepinda kidogo, viwili vimelaliana, walewale ambao daktari Mjerumani Robert Koch aliwatangazia wenzake Berlin mwaka 1882. Nikasogeza slaidi, wapo. Nikasogeza tena, wapo wengi zaidi. Ili useme hamna unatakiwa upitie viwanja 100, mimi nilishajua kabla hata sijashusha pumzi. Mama msimamizi akaja akapitia mwenyewe, akasema plasi tatu, yaani wadudu ni wengi kabisa, akaandika kitabuni akaendelea na zake.

Kutoka nje, Maalim kwenye benchi. "Umeona nini mwanangu?"

"Majibu yanakwenda kwa daktari, Maalim."

Akaniangalia usoni kitambo, akasema haya, Mungu akubariki.

Dawa akaanza, mjukuu wake akimsimamia kila anapomeza. Penisilini inayozuia peptidoglaikani isiungwe, ya makoo ya watoto, hapo haisaidii kitu. Aisoniazidi ndo inawazuia wasitengeneze yale mafuta, ethambutoli inaziba arabinogalaktani, na zingine mbili zinawashika kwengine, na kwa kuwa wanagawanyika taratibu sana, karibu siku nzima wakati kuna bakteria wengine ni dakika 20 tu, huwezi kuwamaliza haraka. Akamaliza dozi, akarudi kusomesha, madirisha ya chuo yote wazi.

Sheria ya kutotoa majibu koridoni naiamini mpaka leo na wanafunzi wangu nawafundisha hivohivo. Ila Maalim alishanisoma uso, hilo nina hakika nalo. Sijui kama angependa asikie kwangu mimi, mtoto wake wa chuoni, kabla hajaingia kwa daktari, au ilikuwa afadhali kwa mtu baki. Siku zingine naona hivi, siku zingine vile.