Mahame ya Bwana Damer

Paundi 55 za teksi! Naanza na bei kwa sababu bado inaniuma. Mtoto wa kaka yangu anayeishi Poole alishanionya, "Baba mdogo, huko basi ni la kubahatisha," nami nikajifanya mjuaji. Teksi ikanishusha Milton Abbas, kijiji cha Dorset, kusini mwa Uingereza, ikageuza, na mvua ikaanza.

Kijiji chenyewe ni barabara moja inayoteremka, huku na huku nyumba nyeupe za kuezekwa nyasi, zimefanana kama mapacha, mbele zina majani bila uzio. Nikasema jamani, pazuri! Mzee aliyekuwa na mbwa wake akaniuliza kama najua kwa nini zimelingana hivyo. Starehe yangu ikaishia hapo.

Kumbe alizijenga Joseph Damer, mbunge tangu 1741 hadi 1762, aliyepewa pia cheo cha ukabaila cha Bwana Milton. Alikuwa amenunua ardhi ya abasia ya kale, yaani makao ya watawa, na mlangoni pake palikuwa na mji wa soko, Middleton, wenye maduka, vilabu vya pombe na shule ambayo vijana wake, inasemekana, walimwibia matunda. Mji ukamkera. Kila mkataba wa pango ulipokwisha, nyumba ilibomolewa. Bingwa wa bustani Lancelot Brown akaitwa kupapamba, na kuanzia mwaka 1780 hivi watu wakahamishiwa huku, bwana asiwaone dirishani. Shule nayo ikapelekwa Blandford. Mzee alikazania habari ya wakili mmoja, Harrison, aliyegoma kuhama: Damer akafungulia maji ya bwawa yakamwingilia nyumbani. Wakili akamshtaki, akashinda! Mzee alicheka kana kwamba kesi imeamuliwa jana.

Nikakata njia ya miguu hadi kanisa la abasia, viatu vyote tope. Ndani Damer yupo, wa marumaru nyeupe, ameegemea kiwiko akimtazama mkewe Caroline, aliyefariki mwaka 1775, amelala kando yake. Nilisimama pale muda mrefu. Kidole kimoja cha mtu huyu kilitosha kuondoa mji, na hapa anatazama kwa huzuni ambayo sikuitegemea. Nje, palipokuwa na mji, ni majani matupu, yamefyekwa vizuri mno.

Bibi yangu alihamishwa mwaka 1974, enzi za Operesheni Vijiji, serikali ya Tanzania ilipowakusanya watu katika vijiji vipya. Yeye aliahidiwa maji na zahanati, hakuambiwa anaharibu mandhari ya mtu. Lakini mpaka anakufa alikuwa akitembea saa mbili kwenda mahame kuokota maembe ya mwembe wake, hata ya sokoni yakiwa tele.

Nikamtumia mama picha za zile nyumba. Akajibu: "Huko nako wanaezeka nyasi? Na wewe umelipa nauli kwenda kuziona?" Nauli ya kurudi sikumtajia.