Nilivyofika kulipia kaboni ya safari yangu ya ndege

Kila mwaka nasafiri London kumwona dadangu, natoka Kisumu jioni, dakika kama 45 hivi niko Nairobi, usiku nashika ndege ya Uingereza. Na kila nikibuku tiketi, pale mwisho kabla ya kulipa kuna kaboksi kadogo, ati ongeza pesa kidogo ufidie kaboni, yaani ile hewa chafu ndege inatoa ikiruka. Miaka sita nilikuwa nakaruka tu. Pesa si kwamba sikuwa nayo, ni vile hawakusema inaenda kwa nani, wameandika "miradi ya mazingira" basi, na mimi hata harambee lazima niulize ni ya nani kwanza.

Sasa mwaka jana nikaenda kwa mama, Nyakach. Shamba letu limepakana na korongo, na kila masika linakula udongo. Nilihesabu kutoka ukingoni hadi kwa choo, hatua 14. Mama na wenzake wa chama wamepanda grevilia hapo ukingoni, kila mche wameuzungushia matawi ya miiba mbuzi wasile, na kiangazi wanabeba maji kwa jerikeni kutoka mtoni. Nilibeba moja siku hiyo, mkono ukauma hadi usiku. Hapo ndio nilianza kutaka kujua hii pesa ya kaboksi inafikia nani kweli.

Nikauliza kama chama cha mama kinaweza kulipwa. Ikawa ngumu, kwa sababu ili upate krediti, yaani cheti cha tani moja ya kaboni iliyonyonywa na miti au kuzuiwa, lazima miti ipimwe, isajiliwe, watu wa nje waje wahakikishe, na hiyo kazi ni ghali kwa kikundi cha akina mama 20. Huku kwetu iliwezekana wakulima walipokuwa maelfu pamoja, ule mradi wa shirika la Vi Agroforestry wa kaboni inayohifadhiwa kwa udongo wa shamba, krediti zao zilitoka 2014.

Basi nikachagua Mikoko Pamoja, kule Gazi, Kwale. Wanalinda hekta 117 za mikoko, wameuza krediti tangu 2013, na pesa imeleta maji na vitabu vya shule kijijini. Hiyo naielewa. Kalkuleta moja iliniambia safari yangu ni tani moja, nyingine karibu mbili, nikalipia mbili. Naweka kidogo kila mwezi kwa simu, tiketi ikifika pesa iko tayari, siumii.

Ya mama natuma kando, ya miche, na hiyo siihesabu kama kaboni kwa sababu hakuna aliyeipima.

Nilipomweleza mama haya yote aliniuliza, "Nyathina, na hao wengine mnaopanda nao ndege, wanalipa?" Nikamwambia wengi wanaruka, kama mimi zamani. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Labda hakuna aliyewaonyesha mtu anayebeba maji."