Diski mpya kwenye laptopu ya mama mdogo, na kwa nini sikupiga Windows

Laptopu ikianza kukwama kwama, afu siku moja inawaka na skrini nyeusi yenye maandishi kwamba haioni kitu cha kuwakia, mara nyingi sana sio laptopu iliyokufa, ni diski. Na diski ni kitu cha kutoa na kuweka kingine. Nalisema hili mapema kwa sababu inaniuma kuona watu wanauza mashine nzima kwa bei ya skrapa, au wanaiweka juu ya kabati miaka, wakati kibodi nzima, skrini nzima, ubao wa ndani mzima.

Ya safari hii ni ya mama mdogo wangu, mwalimu wa sekondari. ThinkPad T430, mashine ya mwaka 2012, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, na ndani ina diski ya kuzunguka ya GB 320 ambayo imefanya kazi miaka yote hiyo. Alinipigia simu, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia haraka haraka marahaba mwanangu, kompyuta imegoma na mitihani yangu yote imo humo. Kumbe alishaipeleka kwa fundi wa jirani akaambiwa inaformatiwa, inapigwa Windows upya, mafaili hayarudi. Nikamwambia mama naomba usiiache pale, ichukue, usiiwashe tena mpaka nije.

Hapa ndo nataka watu wanielewe vizuri. Uzuri wa kubadilisha diski ni kwamba ile ya zamani unaitoa na vitu vyake vyote, hakuna sababu yoyote ya kuifuta. Kwa hiyo mtu akikwambia lazima aformati kwanza, na huku anakuwekea diski nyingine mpya, muulize anaformati ipi na kwa nini. Kazi za mwalimu za miaka mingi, picha za familia, barua za mkopo, vyote vinapotea kwa sababu mtu ana haraka na foleni ya wateja, na mwenye mashine hajui kwamba alikuwa na haki ya kusema hapana.

Nilipofika niliiwasha kwa Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaotumika badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kuinstoli chochote, maana Mint inaweza kuendeshwa juu ya flashi tu bila kugusa diski. Nikaangalia taarifa za SMART, hizi ni kumbukumbu ambazo diski yenyewe inaziandika kuhusu afya yake, na za kuangalia kwanza ni idadi ya sehemu ambazo diski imeshazihamisha kwa sababu zimeharibika na idadi ya sehemu ambazo imeshindwa kuzisoma na bado zinasubiri. Zikiwa sifuri uko salama kiasi. Za mama zilikuwa mbali kabisa na sifuri.

Sasa hapo usianze kukopi folda moja moja kwa mauzi. Kukopi kwa kawaida kukikutana na sehemu mbovu kunang'ang'ana hapo hapo, diski inajaribu tena na tena na inazidi kuchoka. Nilitumia ddrescue, programu ya kuokoa vitu kwenye diski mbovu, kwenye Mint kifurushi chake kinaitwa gddrescue, hiyo herufi g ya mbele ni muhimu. Yenyewe inapita kwanza kwenye sehemu zote zinazosomeka kirahisi na kuzihamishia kwenye diski ya nje, zile mbovu inaziruka na kuziandika kwenye faili la ramani, afu mwishoni ndo inarudi kuzihangaikia. Umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia kwa sababu ramani ipo. Diski ya nje lazima iwe na nafasi inayozidi ukubwa wa ile unayoiokoa, na hakikisha mara mbili ipi ni chanzo ipi ni mpokeaji kabla hujabonyeza enta. Iliachwa ikaenda usiku kucha, asubuhi karibu kila kitu kilikuwa kimetoka. Mama alivyoona folda yake ya mitihani ya kidato cha pili inafunguka alikaa kimya kidogo, afu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ila kama diski inatoa mlio wa tik tik tik, zima. Hapo kichwa cha kusomea kina matatizo na kila ukiwasha unaweza kuharibu zaidi, hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vyao na ni ghali, wewe amua kama vilivyomo vina thamani hiyo.

Kubadilisha kwenyewe ni dakika chache. Kwenye T430 unatoa betri, unafungua skrubu moja ya kifuniko cha pembeni chini, unavuta diski kwa kile kiplastiki chake, unahamisha kile kibebeo na raba zake kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya inchi 2.5, unasukuma ndani, umemaliza. Diski ya kuzunguka ya laptopu ikijitahidi inasoma MB 100 hivi kwa sekunde, SSD ya SATA inafika kama 500, lakini kinachofanya mashine ionekane mpya sio hiyo namba, ni kwamba SSD haina kichwa cha kuhangaika huku na kule kutafuta vifaili vidogo maelfu wakati wa kuwaka. Ukinunua SSD angalia SMART yake pia, iliyo mpya kweli masaa yake ya kuwaka yanakuwa karibu na sifuri, maana zipo za mtumba zinazouzwa kwenye boksi jipya. Na flashi zenye ukubwa wa uongo zimejaa sokoni, kuna programu inaitwa F3 inakuonyesha ukweli.

Swali likaja, mwanangu utanipigia Windows gani? Nilimweleza kama ninavyowaeleza hapa. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, hii ni ya kizazi cha tatu. Windows 10 masasisho yake ya bure ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Zinazopigwa mitaani nyingi ni za crack, na ile programu ya kuivunja unaipa mamlaka yote ya mashine huku hujui aliyeitengeneza kaweka nini ndani. Mwalimu anayetunza majina na matokeo ya wanafunzi mi siwezi kumwekea kitu hicho. Nikamwekea Linux Mint 22 toleo la Xfce, ni nyepesi kwa RAM GB 4, ya bure kihalali, na ina masasisho mpaka 2029.

Kuinstoli hakuna hadithi ndefu. ISO, yaani faili la kuinstolia, ni kama GB 3, ishushe usiku kwa bando la usiku, hakiki ile namba ya sha256 (inaonyesha kama faili limeshuka zima) kabla ya kuiandika kwenye flashi maana faili lililoshuka na kasoro linakuletea matatizo ambayo utadhani ni ya mashine. Kwenye ThinkPad unabonyeza F12 kuchagua flashi. Na tafadhali chomoa diski nyingine zote kabla ya kuchagua ile hatua ya kufuta diski na kuinstoli, hasa ile yenye nakala uliyookoa jana usiku! Wi-Fi ikigoma chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kugawa intaneti, Mint inaipokea hapo hapo bila draiva yoyote. Kuna kitu kingine kinasumbua mashine za zamani, betri ndogo ya saa ikifa tarehe inarudi miaka nyuma na brauza inakataa tovuti karibu zote ikidai sio salama, watu wanadhani ni virusi, rekebisha tarehe kwanza.

Kilichonichukua muda ni Word zake. LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Mint, inafungua mafaili vizuri lakini fonti zikikosekana mitihani inahama, swali la sita linaruka ukurasa wa pili na jedwali linavunjika. Dawa ni kuhakikisha zipo Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Times New Roman, Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria. Baada ya hapo tulipitia mitihani yake tukakuta michache tu yenye hesabu imehitaji kuguswa. Nilimwambia pia, na nalipenda sana jambo hili, kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kabisa, na LibreOffice ilizaliwa 2010 kutoka kwenye OpenOffice hiyohiyo. Kwa hiyo sio kitu kigeni kama watu wanavyodhani, watu wa hapa hapa walishakitolea jasho.

Kilichomfurahisha zaidi ni flashi yake ya steshenari. Ile inayorudi kila mara mafaili yamegeuka shortcut. Tuliichomeka kwenye Mint, virusi vile ni vya Windows havikufanya kitu, na mafaili yaliyokuwa yamefichwa yakaonekana yote, tukafuta takataka tukabaki na yake.

Sio kila mtu namshauri Mint. Kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows au AutoCAD ya kuchorea ramani, baki na Windows, na kama mashine yako ilishawahi kuwa na Windows 10 halali, leseni yake ya kidijitali imefungwa kwenye ubao wa ndani sio kwenye diski, ukiinstoli toleo lilelile ikaingia mtandaoni inajitambua yenyewe. Ila ule mtindo wa kutumia namba ya Windows 7 ya kwenye stika Microsoft waliufunga Septemba 2023, msihangaike nao.

Diski ya zamani nimeiandika tarehe kwa makapeni na kumwachia mama, asiifute mpaka muhula uishe aone kama kuna faili tumesahau. Mashine hii inabeba RAM hadi GB 16 za DDR3, ya kwake ina kijiti kimoja cha GB 4, nikipata kingine kizuri cha mtumba namwekea, akifungua brauza na LibreOffice pamoja atapumua zaidi.